Wasomaji Wauliza: Muhogo Unapokataa Chupani

Barua za safari hii karibu zote zimegusa muhogo, na muhogo ndio kazi niliyoifanya kwa miaka 23, nikiwa fundi wa maabara ya ukuzaji wa tishu, au tishu kalcha kama wengi mnavyoandika. Nimeziweka pamoja. Naanza na iliyonigusa zaidi, kwa kuwa yaliyoelezwa humo yamenipata mimi mwenyewe.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Mradi wangu ni kupandikiza jeni kwenye aina ya muhogo ambayo wakulima wanaipenda lakini inaangamizwa na ugonjwa wa michirizi kahawia. Huu ni mwezi wa nane. Viinitete, vile vianzo vya mimea, vinatokea vizuri kwenye vipande vya majani machanga, ila nikivihamishia kwenye lishe ya pili sipati ile kalusi ya chembechembe. Napata kitu cha majimaji, kisha kinageuka kahawia. Msimamizi wangu anashauri niiache aina hiyo nitumie TMS 60444 ili nimalize. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Miezi minane ya kufungua sahani na kukuta kahawia naijua ilivyo.

Wasomaji wengine waelewe kwanza tunazungumzia nini. Jeni ikipandikizwa huingia kwenye seli moja moja. Mmea ukichipua kutoka kwenye kundi la seli, nyingine zimepokea na nyingine hazikupokea, utapata mmea wa viraka: tawi hili lina jeni, lile halina. Kwa zao linalopandwa kwa pingili hilo ni balaa, maana pingili utakayokata huenda ikatoka upande usio na kitu. Ndiyo sababu tunaihangaikia kalusi ya chembechembe. Ni tishu laini ya manjano iliyopauka, inayomeguka ukiigusa tu kwa ncha ya kibano, na kila punje yake inaweza kuzaa mmea mzima ulioanzia kwenye seli moja au seli chache sana. Viinitete vya muhogo vya chupani vilipatikana mwaka 1982. Hii kalusi ya chembechembe ilielezwa mwaka 1996, na ni mwaka huohuo zilipochapishwa taarifa za mihogo ya kwanza iliyopandikizwa jeni. Miaka 14 ilipita kati ya hatua hizo mbili, na waliokuwa wakiitafuta walikuwa watu hodari. Usijione mjinga.

Sasa kuhusu TMS 60444. Ni muhogo uliotokana na kazi ya uzalishaji wa mbegu ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, huko Ibadan, Nigeria. Maabara nyingi duniani zimeuzoea kwa sababu moja: unatoa kalusi ya chembechembe bila kusumbua. Shambani batobato, ugonjwa mwingine wa virusi, inaushika, michirizi kahawia nayo inaushika. Jeni yako ikifanya kazi ndani yake utakuwa umethibitisha wazo, na hilo si dogo, lakini mkulima bado hana cha kupanda. Msimamizi wako anataka umalize masomo, na ana haki. Wewe unataka muhogo wenye maana shambani, nawe una haki. Nafasi ya kuwaridhisha wote wawili ipo, nayo ni hii: uweke 60444 kando ya muhogo wako, kwenye lishe ileile, siku ileile, mkono uleule. Ukifanya hivyo utajua tatizo liko wapi. Kama hata 60444 inageuka kahawia, kosa liko kwenye lishe, kwenye joto, au kwenye namna unavyoshika tishu. Kama 60444 inatoa chembechembe na wako hautoi, hapo ndipo unaweza kusema kwa uhakika kwamba aina yako ndiyo ngumu. Bila ulinganisho huo unahukumu muhogo usio na kosa.

Nakuuliza jambo ambalo hukuliandika: mimea mama yako ya chupani ina umri gani tangu ilipohamishwa mara ya mwisho? Nilihangaika karibu mwaka mzima na aina moja ngumu. Nilibadilisha homoni, nikabadilisha sukari, nikabadilisha hata aina ya agari. Siku moja nikaitazama rafu ya mimea mama kwa jicho lingine. Ilikuwa imekaa chupani miezi mitatu, majani ya chini yameanguka, ncha zimedumaa, na mimi kila wiki nakata humo vijani nikitarajia makubwa. Niliigawa upya yote, nikaanza kuihamisha kila baada ya wiki nne, kwenye chupa zenye nafasi na vifuniko vinavyopitisha hewa kidogo. Muhogo hauvumilii gesi ya ethilini inayojikusanya kwenye chupa iliyobanwa; huangusha majani kwa sababu yake. Mzunguko wa pili baada ya kuitunza hivyo, vijani vya milimita chache tu, ambavyo havijakunjuka, vilianza kutoa viinitete vilivyobana, vinavyong'aa, vyenye mikunjo. Lishe haikuwa imebadilika. Mama ndiye aliyekuwa amepata nafuu.

La pili ni kuchagua kwa macho. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotelea, kwa kuwa haliandikwi vya kutosha kwenye maelezo ya mbinu. Baada ya wiki kadhaa kwenye lishe ya kwanza, ile yenye chumvi za MS na pikloramu miligramu 12 kwa lita, kipande kimoja cha jani kitakuwa na mchanganyiko: viinitete vigumu vyenye kung'aa, sehemu za sponji zilizojaa maji, na sehemu nyeupe zisizo na umbo. Ukihamisha kipande kizima kwenye lishe ya pili, ile sponji ndiyo itakayokua haraka na kuzizidi nyingine. Kaa kwenye hadubini. Chukua viinitete vilivyobana peke yake, vivunje vipande vidogo vya milimita moja au mbili, uvihamishe hivyo. Kwenye lishe ya pili, ile ya GD, fanya vilevile kila baada ya wiki tatu: okota chembechembe za manjano tu, hata kama sahani nzima ina chembe kumi. Chembe kumi safi zina faida kuliko rundo lenye sponji. Mzunguko wa kwanza utaona kama umetupa kazi yako yote. Mzunguko wa tatu utaona kwa nini ulitupa.

Na usisahau pikloramu ni kitu gani. Shambani ni dawa ya kuua magugu. Kwa kipimo kidogo huisukuma seli ya muhogo isahau kwamba ni ya jani na ianze upya, lakini tishu iliyochoka haiwezi kuhimili msukumo huo. Nadhani sehemu ya kahawia unayoiona inatoka hapo, na sehemu nyingine inatoka kwenye majeraha ya kisu butu. Badilisha ncha ya kisu mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika.

Ukishayaweka sawa hayo mawili, ndipo uiguse lishe. Wapo waliofanikiwa na aina ngumu, TME 14 ikiwa mojawapo, kwa kuongeza tairosini kwenye lishe ya GD. Tairosini ni asidiamino, si homoni, kwa hiyo haikuvurugii mizani ya oksini, yaani homoni ya ukuaji. Jaribu pia kuanzisha viinitete kwenye chumvi za DKW badala ya MS. MS ilitengenezwa mwaka 1962 kwa ajili ya tumbaku, na DKW ilitengenezwa baadaye kwa ajili ya mti wa jozi. Hakuna iliyotengenezwa kwa ajili ya muhogo, kwa hiyo usiiheshimu MS kana kwamba imeandikwa kwenye jiwe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, sahani zisizopungua 10 kwa kila jaribio, na uandike.

Mwisho, ukiipata kalusi usiifuge. Nimeona watu wanaipenda wakaihamisha mwaka mzima kwa sababu inakua vizuri. Inakua, ndiyo, lakini kila mwezi unaoongezeka inapoteza uwezo wa kurudi kuwa mmea, na mabadiliko yasiyotakiwa yanajilimbikiza ndani yake. Mizunguko miwili au mitatu kwenye GD, kisha ipeleke kwenye Agrobakteria, bakteria wanaoingiza jeni kwenye seli. Kwa hesabu yangu, toka kipande cha kwanza cha jani hadi mche wenye jeni uliosimama wima chupani, jipe mwaka. Mwambie msimamizi wako hivyo mapema, ukiwa na picha za sahani za 60444 mkononi.

SWALI: Mimi ni afisa ugani. Tumepokea miche ya mihogo iliyotoka maabara na wakulima wananiuliza kama hiyo ni GMO, yaani iliyopandikizwa jeni. Niwajibuje?

JIBU: Wajibu kwamba kukuzwa chupani na kupandikizwa jeni ni mambo mawili tofauti. Miche mingi inayotoka maabara imepita chupani kwa ajili ya kusafishwa tu. Muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili hubeba virusi vya mama yake msimu baada ya msimu. Maabara huchukua ncha ya kichipukizi, kijisehemu cha milimita 0.2 hadi 0.5 ambacho virusi mara nyingi havijakifikia, mara nyingi baada ya kuuweka mmea kwenye joto la nyuzi 37 hivi kwa wiki kadhaa, na kukikuza hadi kiwe mche. Mbinu hii ya kuondoa batobato ilichapishwa mwaka 1975. Jeni za mche huo ni zilezile za mama yake.

Lakini ongeza neno moja, tafadhali, kwa kuwa hapa wakulima wamewahi kuvunjwa moyo: mche msafi si mche sugu. Nzi weupe wakija kutoka shamba la jirani lenye ugonjwa, mche huo utaugua kama mwingine. Usafi unampa mkulima mwanzo mzuri, na mwanzo huo unadumu kwa muda unaotegemea shamba lilivyozungukwa na aina iliyopandwa. Ukiwaahidi zaidi ya hapo, msimu wa tatu hawatakusikiliza tena.

SWALI: Nimesoma kwamba muhogo uliokuwa unastahimili batobato ulipoteza ustahimilivu wake baada tu ya kupitishwa maabara. Je, ni kweli, au ni maneno ya wanaopinga teknolojia?

JIBU: Ni kweli, na hayakusemwa na wapinzani. Yalichapishwa mwaka 2016 na watafiti walewale waliokuwa wakiuboresha muhogo huo. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Kisa kilikuwa hivi. TME 204 ni muhogo unaopendwa na wakulima, unaostahimili batobato kwa nguvu ya ustahimilivu unaoitwa CMD2, lakini michirizi kahawia inauangusha. Watafiti wakaupandikizia kinga dhidi ya michirizi kahawia, wakaustawisha kupitia viinitete vya chupani, wakaupeleka kwenye majaribio ya shambani Afrika Mashariki. Ile mimea ikaugua batobato, ugonjwa ambao mama yake alikuwa anaustahimili! Rahisi sana hapo kusema jeni mpya ndiyo iliyoharibu. Lakini shambani kulikuwa na TME 204 nyingine za kulinganisha, zilizozalishwa kwa kukata vichipukizi tu bila kupita kwenye kalusi. Hizo zilisimama imara. Walipoyarudia majaribio kwenye banda la kioo kwa kutumia virusi vya batobato, ikathibitika kwamba kisababishi ni ile njia ya viinitete yenyewe. Wakajaribu aina nyingine tatu zenye CMD2, yaani TME 3, TME 7 na TME 419: zote zikapoteza. TMS 30572, ambayo ustahimilivu wake ni wa aina ya CMD1, haikupoteza. TMS 98/0505, yenye CMD3, nayo haikupoteza.

Niliposoma taarifa hiyo niliacha kibano nikatoka nje. Kwa miaka mingi tuliwafundisha vijana kwamba chupa hunakili: unachoingiza ndicho unachotoa. Kumbe kuna njia mbili ndani ya chupa. Kukata pingili ndogo yenye jicho na kuiacha ichipue kunamrudisha mama yuleyule, kwa kadiri tulivyoona. Kumvunja mama mpaka kwenye seli na kumjenga upya ni jambo jingine kabisa, na katika ujenzi huo kitu kinaweza kupotea ambacho macho ya maabara hayakioni. Mmea unakuwa wa kijani, mrefu, wenye mizizi, na picha yake ni nzuri. Unachokosa hujulikana siku nzi weupe wanapofika.

Mwaka 2022 watafiti waliitaja jeni iliyo nyuma ya CMD2: ni sehemu ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya seli, polimerasi ya delta. Kwa wazalishaji wa mbegu hiyo ni habari kubwa, kwa kuwa sasa wanaweza kuisoma jeni hiyo moja kwa moja kwenye mche badala ya kusubiri ugonjwa uje shambani.

Kwa hiyo nawasihi wote mnaofanya kazi hii, na nasema kama mtu aliyelipia somo hili kwa usiku mwingi: kila jaribio la muhogo uliopandikizwa jeni liwe na mimea ya aina mbili ya kulinganisha. Ya kwanza, mama aliyezalishwa kwa pingili za chupani. Ya pili, mama aliyepita kwenye kalusi na viinitete lakini hakupewa jeni yoyote. Wengi huweka ya kwanza tu, wakiona ya pili ni gharama bure. Bila ya pili huwezi kutofautisha kazi ya jeni na kazi ya chupa, na unaweza kuisingizia jeni isiyo na hatia au kuisifu isiyostahili. Chagua pia mapema muhogo wa kuanzia: kama ustahimilivu wake ni CMD2, jiandae kuurudisha baadaye kwa kuuzalisha na mzazi mwingine mwenye nao, au tafuta wa CMD3. Na pima wingi wa kromosomu. Muhogo una 36, na kalusi iliyozeeka inaweza kukuletea mmea wenye hesabu nyingine.

SWALI: Vichupa vyangu vinaota ukungu kila baada ya siku nne. Nimeongeza dawa ya klorini mpaka vipande vinakuwa vyeupe. Bado.

JIBU: Ukiota siku ya pili au ya tatu juu ya lishe, mbali na kipande, tatizo ni hewa, mikono au lishe isiyochemka ipasavyo. Ukianzia penye kipande chenyewe, umeingia na kipande. Uchafu unaotokea baada ya wiki mbili, mara nyingi ukiwa utando wa maziwa chini ya shina, ni bakteria wanaoishi ndani ya tishu, na klorini ya nje haiwafikii hata uimimine yote.

Kwa hiyo acha kuongeza klorini. Anza na mmea mama. Uweke kwenye chungu chini ya paa kwa wiki kadhaa, umwagilie kwenye udongo na si juu ya majani, kisha chukua machipukizi mapya yaliyoota humo. Nilipoanza kufanya hivyo nilipunguza hasara kuliko kwa dawa yoyote niliyowahi kununua. Na weka chupa tatu tupu zenye lishe tu kwenye kila kundi unalochemsha. Zikiota, unajua usiku huohuo.

SWALI: Kwa nini tusitumie CRISPR tu, tukate jeni mbaya ya muhogo, kisha tuondoe zile za kigeni, mjadala wa GMO uishe?

JIBU: Swali zuri, na jibu lake linarudi palepale kwenye chupa. CRISPR ni mkasi wa kukata jeni. Mkasi lazima uingie kwenye seli, na seli hiyo lazima irudi kuwa mmea. Yote niliyomwandikia yule mwanafunzi unayahitaji vilevile.

Kwamba mkasi unafanya kazi kwenye muhogo halina ubishi. Mwaka 2017 waliukata kwanza kwenye jeni inayohusika na rangi ya majani, na miche ikatoka myeupe, kwenye 60444 na kwenye TME 204 pia. Hilo lilikuwa jaribio la kuona kwa macho tu. Mwaka 2019 ikachapishwa kazi ya kukata jeni mbili za muhogo ambazo virusi vya michirizi kahawia huzitumia kujizalisha, na dalili kwenye mizizi zikapungua ukali. Zilipungua; hazikwisha.

Sasa hilo la kuondoa jeni za kigeni. Kwenye mpunga au mahindi unaotesha kizazi kinachofuata, unachagua watoto waliobaki na mkato bila mkasi. Muhogo hauko hivyo. Nakala zake mbili za kila jeni zinatofautiana sana, na utu wake wote uko kwenye mchanganyiko huo. Ukiuzalisha kwa mbegu, watoto hawafanani na mama. Mkulima aliyeupenda ule muhogo hatautambua. Juu ya hayo, aina nyingi zinachelewa kutoa maua au hazitoi kabisa. Kuna kazi ya mwaka 2018 ya kubadilisha wanga, ambapo watafiti waliingiza pamoja na mkasi jeni ya kuharakisha maua kutoka kwenye mmea mdogo wa majaribio, Arabidopsis, wakapata maua ndani ya banda la kioo na watoto wasio na jeni za kigeni. Ni kazi ya akili sana, lakini mtoto bado ni mtoto, si mama.

Njia inayonivutia mimi ni ya kuingiza mkasi wenyewe kama protini, bila DNA yoyote, kwenye seli iliyovuliwa ukuta wake. Hakuna cha kigeni cha kuondoa baadaye, na muhogo unabaki yuleyule. Mimea ya muhogo iliwahi kustawishwa kutoka kwenye seli za namna hiyo mwaka 1998, seli zilizotolewa kwenye kalusi ya chembechembe. Umeona inakorudi? Mlango ni uleule. Na seli iliyovuliwa ukuta ni dhaifu kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Chumvi ikizidi kidogo inanywea, ikipungua kidogo inapasuka. Vijana wanaotafuta mada ya utafiti, hapa pana kazi ya maisha: kuifanya hatua hii iwezekane kwenye aina zinazolimwa, siyo kwenye 60444 pekee.

SWALI: Miche yangu ni mizuri chupani lakini nikiipanda kwenye vikopo nusu inakufa ndani ya wiki moja. Inanyauka hata nikiimwagilia asubuhi na jioni.

JIBU: Haifi kwa kiu ya udongo, inakufa kwa hewa. Jani lililokulia chupani lina nta kidogo sana, na vitundu vyake vya kupumulia havijajifunza kufunga. Unapolitoa nje, maji yanatoka kwenye jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Ukizidisha kumwagilia unaiozesha mizizi hiyohiyo michache.

Toa mche jioni. Osha agari yote kwenye mizizi kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu sukari iliyobaki humo inaita ukungu. Panda kwenye mchanganyiko mwepesi uliochemshwa kwa mvuke, mwagilia mara moja, kisha funika kwa mfuko wa plastiki unaoangaza na uweke kivulini. Siku tano usiuguse. Siku ya sita toboa tundu dogo mbili tatu kwenye mfuko. Ongeza matundu kila baada ya siku mbili, na karibu na siku ya 14 uondoe mfuko, kwanza usiku tu. Majani ya chupani yataanguka, usishtuke. Subiri jani jipya lililoota nje, ndilo litakalobeba mche.

Na kabla hujaufunika, andika kwenye kibao cha kila kikopo: jina la aina, tarehe, namba ya mmea mama, na kama mche ulitokana na pingili au na kiinitete. Kama ni kiinitete, andika pia kalusi yake ilihamishwa mara ngapi. Tumia penseli, wino wa kalamu hufutika kwenye unyevu ule ndani ya siku chache, na miezi sita baadaye batobato ikianza kuonekana kwenye mstari mmoja wa vikopo na si mwingine, kibao hicho ndicho utakachokitafuta.